Nenda Sokoni Kwanza, Upange Mlo Baadaye

Anayeingia soko la Mumias akiwa ameshaamua atakachopika hujitafutia gharama. Atataka kunde mbichi mwezi wa Januari, azipate kwa fungu dogo la bei ya juu. Atataka mahindi mabichi mwezi wa Aprili, wakati mbegu ndiyo kwanza inachipua shambani. Geuza utaratibu huo: nenda sokoni kwanza, tazama kilichojaa mbele ya akina mama, kisha uamue kitakachoingia sufuriani. Na ukifika kwenye mboga za majani, ambazo ndizo moyo wa mlo wa huku, nunua kwa jozi. Mboga za kienyeji za magharibi mwa Kenya zimezoeleka kupikwa kwa kuchanganywa, kwa kuwa kila jani lina upungufu wake na lipo jani jingine la kuuziba. Lenye uchungu hutulizwa na lenye utelezi, gumu hulainishwa na laini, lisilo na ladha huazima ya mwenzake. Ukishaishika kanuni hiyo, soko lenyewe litakuelekeza mwaka mzima.

Mumias imekuwa mahali pa kununua chakula tangu kabla ya reli. Misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani, Waswahili na Waarabu, ilikuwa ikipumzika hapa kwa Nabongo, yaani mfalme, wa Wanga na kujaza akiba kabla ya kuendelea na safari ya Uganda. Joseph Thomson, msafiri kutoka Uskoti, alipofika mwaka 1883, mahali hapa palijulikana kama Kwa Sundu, kwa jina la Nabongo Shiundu. Baadaye mji ukachukua jina la mwanawe, Mumia. Msafara hausimami kununua chakula penye njaa. Hapa kilikuwepo: Mto Nzoia uko karibu, na Kakamega, kaunti yenye Mumias, ni miongoni mwa sehemu za Kenya zinazonyeshewa sana.

Kisha ikaja miwa. Kampuni ya Sukari ya Mumias iliundwa mwaka 1971, kiwanda kikaanza kusaga mwaka 1973, na kwa miaka mingi shamba la kusifiwa lilikuwa lile lililojaa miwa hadi karibu na mlango wa nyumba. Muwa huchukua mwaka mmoja na nusu hivi kukomaa, na watoto hula kila siku. Aliyeziba pengo hilo ni mama mwenye kipande kidogo nyuma ya jikoni, pale majivu na samadi hutupwa. Humo ndimo mboga kama saka, mrenda na managu zilimohifadhiwa wakati wengi walizihesabu kuwa magugu. Kampuni iliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, na katika misukosuko hiyo kipande cha mama ndicho kilichosalimika. Wataalamu nao wamekuja kumuunga mkono: Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia amezitafiti mboga hizi kwa miaka mingi na kuonyesha thamani yake, na mwaka 2021 UNESCO iliingiza juhudi za Kenya za kuhifadhi vyakula vya asili katika rejista yake ya mifano bora ya kulinda urithi. Miongoni mwa jamii ambazo vyakula vyao viliandikwa katika juhudi hizo ni Waisukha, wa Kakamega hii hii. Kwa hiyo unapoinama kuchagua fungu, jua kwamba unanunua kitu kilicholindwa kwa mikono ya watu, na ulipe bei ya haki.

Kulisoma soko

Zunguka mara moja bila kununua. Kinachoonekana kwa kila mama, tena kwa mafungu makubwa, ndicho kilicho katika msimu wake. Kinachoonekana kwa mmoja au wawili kimetoka mbali au kimemwagiliwa maji, na utalipia hilo. Kisha uliza: “Mama, hizi zimechumwa lini? Zimetoka wapi?” Swali hilo halimuudhi mtu. Atakutajia Shianda, Matungu, Butere au kijiji chake, na mara nyingi atakuambia pia alivyozipika jana.

Mboga ina dalili zake. Vunja bua la mrenda kwa kidole: likikatika kwa mlio ni la asubuhi hiyo, likijikunja limeshalala. Saka iliyojaa maua na vitumba vya mbegu ni chungu kupita kiasi, ichukue tu kama unayo maziwa ya kutosha. Kunde ziwe za majani machanga. Matundu mawili matatu ya wadudu si kasoro, bali jani lisilo na alama yoyote, lenye unga mweupe na harufu ya dawa, liache lilipo. Managu yenye vitunda vya kijani itakupa kazi ya kuvitoa kimoja kimoja, na lazima uvitoe, maana vitunda vibichi vina sumu.

Nafaka na njugu hupimwa kwa gorogoro, mkebe unaobeba takriban kilo 2 za mahindi. Utazame mkebe kabla haujajazwa. Kuna ambao chini yake umebonyezwa kwa ndani. Mboga huuzwa kwa fungu, na ukishakuwa mteja wa mama mmoja atakuongezea mkono wa nyongeza bila kuombwa. Asubuhi utapata ubichi, jioni utapata bei. Kwa mboga ya kuchemshwa usiku huohuo, fungu la jioni halina neno. Beba kikapu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwezi Agosti 2017, na hata isingepigwa, majani hufa haraka ndani ya plastiki, hasa ukiyabeba kwa bodaboda juani.

Mboga kwa jozi

Anza na mrenda, kwa sababu ndio unaoziunganisha nyingine. Ni jani jembamba lenye meno pembeni, na likichemka hutoa utelezi mzito. Ukipikwa peke yake humshinda asiyeuzoea, ndiyo maana huungwa na jani lenye mwili: kunde au mito. Kwa nyumba ya watu watano, chukua mafungu mawili ya kunde na moja la mrenda. Chambua majani, acha mabua magumu. Osha kabla ya kukatakata, kwa sababu jani lililokwisha kukatwa huachia uzuri wake majini. Injika vikombe viwili vya maji, tia munyu kidogo, yaani maji ya majivu, subiri yachemke kwa nguvu. Kunde huingia kwanza kwa kuwa ni ngumu. Zipe dakika kumi. Mrenda ufuate kwa dakika tano hadi saba, ukikoroga kwa mwiko. Usifunike sufuria, la sivyo povu litafurika na majani yatapoteza rangi yake. Chumvi mwishoni. Hakuna mafuta. Wapendao nyanya na kitunguu huvikaanga pembeni na kumwagia juu, nami naona mrenda mzuri hauvihitaji.

Mito na mrenda ndiyo jozi inayopendwa kuliko zote huku, na ina sababu. Mito ina uchungu wa mbali na hustahimili moto. Hata ikichemka dakika 20 haiyeyuki. Mrenda huitia ulaini, nayo huupa mrenda kitu cha kutafuna. Ukipata na seveve, yaani majani machanga ya malenge, ongeza. Seveve huhitaji mkono: vunja ncha ya kikonyo na uvute uzi ushuke hadi kwenye jani, urudie kwa kila upande, kisha usugue majani katikati ya viganja ili yapoteze ukwaru. Kazi hiyo ikirukwa, mlaji ataijua mdomoni.

Saka ni mboga ya subira. Ichemshe katika maji mengi yenye chumvi kwa robo saa, uchuje, uyaminye majani kidogo, kisha uirudishe motoni na kikombe cha maziwa na uiache itokote polepole hadi maziwa yaingie ndani ya majani. Kesho yake ipashe moto na uongeze maziwa kidogo tena. Wapishi wa zamani waliirudia hivyo siku mbili au tatu, na kila siku uchungu ulipungua na utamu ukakolea; ukiifuata njia hiyo, hakikisha kila mara imechemka kabisa kabla ya kupakuliwa, kwa kuwa ina maziwa. Ukikosa maziwa, tumia njugu karanga zilizokaangwa na kusagwa, vijiko vitatu vikubwa vilivyokorogwa na maji ya uvuguvugu. Ukiona saka ni kali mno, ichanganye na nderema, jani nene lenye umajimaji ambalo halina uchungu hata chembe, au na dodo, kama wengi hapa wanavyouita mchicha. Managu, ambayo wengine huiita sucha, hufuata njia hiyohiyo ila haihitaji muda mrefu; dakika kumi na maziwa yake zinatosha.

Sukuma wiki haijui msimu na wala sina ugomvi nayo. Lakini inauzwa kila kona mwaka mzima, na inasikitisha kuona nyumba inaikata kila jioni mwezi wa Mei wakati soko limefurika majani mengine matano kwa bei ileile. Ihifadhi kwa ajili ya kiangazi.

Munyu, na jinsi ya kuuchuja

Munyu ninaoutaja hapa ni maji ya majivu, yale ambayo Waluhya huyaita musherekha. Ndiyo yanayolainisha kunde, mito na mrenda na kuzipa ile ladha ambayo mtu wa Mumias anayeishi Nairobi huikumbuka akashindwa kuieleza. Sokoni huuzwa ukiwa umeshachujwa, ndani ya chupa, wenye rangi ya chai ya mkandaa. Ukitaka kuutengeneza mwenyewe, weka akiba ya maganda ya maharagwe yaliyopurwa, ndiyo bora. Maganda ya ndizi yaliyokauka na magunzi ya mahindi pia hufaa. Yachome mahali safi, pasipo plastiki wala mbao zenye rangi, hadi yawe majivu meupe.

Chukua mkebe mkuukuu, utoboe matundu madogo chini, utandike nyasi safi ndani kisha ujaze majivu bila kuyashindilia sana. Uweke juu ya bakuli. Mimina maji polepole, kidogo kidogo, uyaache yapite kwa wakati wake. Tone la kwanza huchelewa hata ukadhani hakuna kitu. Halafu huanza kudondoka, jeusi-hudhurungi, linaloteleza ukilisugua kwa vidole. Mchujo wa kwanza ni mkali: kijiko kimoja cha chai kinatosha sufuria nzima ya mboga. Ukimimina maji mara ya pili juu ya majivu yaleyale utapata mwepesi zaidi, na huo ndio wa kumwanzishia mgeni wa mapishi haya. Hifadhi kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, mbali na watoto.

Wengi siku hizi hutumia magadi badala yake. Hufanya kazi, lakini hukosa ladha, na mkono ukizidi mboga hugeuka uji wa kijani. Munyu na magadi vyote viwili, vikizidi, huharibu baadhi ya vitamini za majani, kwa hiyo tia kidogo na upike kwa muda mfupi. Na kwa kuwa majivu ya mimea yana potasiamu nyingi, mwenye maradhi ya figo amuulize daktari wake kabla ya kuutumia.

Mwaka wa sokoni

Mvua za kwanza zikinyesha Machi na Aprili, soko hubadilika ndani ya wiki chache. Wakati huo kila mtu yuko shambani anapanda mahindi, na ardhi yenyewe inatoa vitu ambavyo hakuna aliyevipanda. Kumbikumbi, chiswa kama wenyeji wasemavyo, huruka baada ya mvua na huuzwa kwa kikombe. Ukiwanunua wabichi, wakaange siku hiyohiyo kwenye kikaango kikavu: wana mafuta yao wenyewe, hawahitaji ya dukani. Wakianza kulia kwenye kikaango na mbawa kujitenga, waepue, wapoze, wapepete kwenye ungo, kisha uwarudishe motoni na chumvi hadi wakauke. Huliwa na ugali au mkononi, na waliokaushwa vizuri juani hudumu majuma kadhaa.

Kumbikumbi na uyoga ni majirani, kwani uyoga mtamu kuliko wote wa sehemu hii, obwoba, huota juu ya vichuguu vya mchwa. Una mzizi mrefu unaoshuka ardhini, na hauoti kwa kupandwa. Huja kwa wakati wake na kuondoka hivyohivyo. Nunua tu kutoka kwa muuzaji anayeujua na ambaye wenzake wanamjua. Usijaribu kuokota mwenyewe kwa kufuata picha, na usidhani kuchemsha kutaondoa sumu ya uyoga mbaya, maana kuna aina ambazo hakuna moto unaozidhuru. Ukishaupata ulio salama, ukwangue udongo kwa kisu, uoshe haraka bila kuuloweka, uuchane kwa mikono kufuata nyuzi zake. Chemsha na maji machache na chumvi kwa robo saa, kisha utie njugu au simsim iliyosagwa na uache iwe nzito. Kitunguu kidogo kinaruhusiwa. Nyanya, kwa maoni yangu, huua harufu iliyokufanya uununue.

Mei na Juni ni miezi ya mtihani. Mahindi ya mwaka uliopita yamekwisha ghalani, mapya hayajakomaa, gorogoro imepanda bei. Lakini ndio wakati ambapo majani ni mengi na rahisi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Mpishi mwerevu hupunguza ugali na kuongeza mboga, tena hubadilisha unga. Uliza muhogo mkavu na mtama au wimbi, vitie pamoja, gorogoro mbili za muhogo kwa moja ya mtama, upeleke kwenye mashine ya kusaga. Ugali wake ni wa hudhurungi na hunata, kwa hiyo maji yachemke hasa kabla ya kutia unga, na mkono usichoke kusonga. Pamoja na mrenda hakuna ulinganisho. Kuhusu muhogo, uwe na tahadhari moja: ulio mchungu una sumu ya sayanaidi, na lazima umenywe, ulowekwe au uvundikwe, kisha ukaushwe kabisa kabla ya kusagwa. Muulize muuzaji umetengenezwaje, na usinunue muhogo mbichi mchungu kwa kuuchemsha tu na kula.

Miezi hiyo usihesabu sana dagaa wa ziwani, wale tunaowaita omena. Kwa kanuni za uvuvi za Kenya, uvuvi wao katika Ziwa Victoria hufungwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili wazaane. Utakaowaona sokoni ni akiba iliyokaushwa au waliotoka ng’ambo, na bei yake husema hivyo. Badala yake Juni huleta maharagwe mabichi ndani ya maganda, na hiyo ni zawadi: hayahitaji kulowekwa, huiva kwa chini ya saa moja, na mchuzi wake ni mzito wenyewe.

Julai na Agosti sokoni kumejaa. Mahindi mabichi yapo kila upande. Ukitaka ya kuchoma, chagua hindi lenye nywele za kahawia zilizoanza kukauka, bonyeza punje kwa ukucha: likitoka tui jeupe zito limefaa, maji matupu ni changa, unga mkavu limepitiliza na ni la kuchemsha na maharagwe. Mchanganyiko huo wa mahindi na maharagwe ukitengenezwa kwa mazao mabichi yote mawili haufanani kamwe na ule wa makavu. Usiutie viungo vingi, chumvi na kitunguu vinatosha. Njugu karanga mpya huja zikiwa na udongo wake. Zioshe na uzichemshe na maganda na chumvi kwa nusu saa. Njugu mawe, tsimbande, hufuata. Hizo ni ngumu. Zikiwa kavu ziloweke usiku kucha, umwage maji, uchemshe saa mbili hadi tatu hadi ziwe laini kama kiazi. Ni chakula kizito cha mchana, na aliyekula haulizi nyama.

Ukiwa na uwezo wa kununua mahindi makavu ya mwaka, nunua baada ya mavuno haya, lakini hakikisha yamekauka. Tumia chupa: tia kiganja cha mahindi na vijiko viwili vya chumvi kavu kwenye chupa kavu, uitikise dakika kadhaa, uiache robo saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Usiyaweke ghalani, maana ukungu utayaingia na kuleta sumukuvu, ambayo haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kupika. Punje zilizobadilika rangi zichague uzitupe. Usiwape hata kuku.

Septemba hadi Novemba, mvua za vuli zikiwa zimerudi, ni wakati wa viazi vitamu, na hapa ndipo ninapokusihi upike mushenye. Chemsha gorogoro nusu ya maharagwe hadi yavunjike kwa kidole. Menya viazi vitamu vinane hadi kumi vya wastani, uvipange juu ya maharagwe yaliyobaki na maji kidogo tu, funika vizuri na upunguze moto. Vikiiva, ponda vyote kwa mwiko ukielekea ukingo wa sufuria hadi usione mpaka kati ya kiazi na haragwe. Chumvi kidogo. Haina mafuta, haina sukari, na watoto huipenda. Huliwa na maziwa ya mgando au chai ya rangi, na kinachobaki hufaa asubuhi. Chagua viazi vyenye nyama ya njano au ya rangi ya chungwa ukivipata, maana vina vitamini A zaidi. Vyeupe ni vikavu zaidi na hufanya mushenye kushikamana vizuri, kwa hiyo nusu kwa nusu ndiyo hesabu yangu. Kwa uji wa wimbi wa asubuhi hizo za mvua, tumia sukari nguru badala ya sukari nyeupe. Miwa ni ya hapa, na vinu vya nguru viko katika kaunti hii. Kipande kidogo kinachoyeyuka huupa uji harufu ya moshi ambayo sukari ya pakiti haina.

Kuku wa kienyeji hatafuti msimu bali mgeni. Nitasema tu kwamba ni lazima achemke saa moja na nusu au mbili kabla ya kukaangwa, na kwamba mchuzi wake ndio wa kumwagia saka siku ambayo maziwa yamekosekana.

Desemba hadi Februari jua huwa kali na mboga hukonda. Zinazobaki ni za kandokando ya mito, kama Nzoia na Lusumu, na zile za wenye pampu. Omena nao wamerudi kwa wingi kutoka Kisumu na Port Victoria. Wachague wale wanaong’aa kwa rangi ya fedha, wasio na mchanga wala harufu ya kuoza. Watoe vichwa ukitaka, uwaloweke kwenye maji ya moto dakika tano, uwaoshe hadi maji yawe meupe, uwachuje wakauke. Wakaange hadi walie, ndipo utie kitunguu, nyanya na dhania, na mwishoni sukuma wiki iliyokatwa nyembamba. Matone ya ndimu juu yao yana faida zaidi ya ladha: huusaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye majani.

Kiangazi hicho hutayarishwa Mei na Juni. Mboga zikiwa za bei ya chini, nunua kunde mara mbili ya unazohitaji. Chemsha maji, tumbukiza majani kwa dakika mbili, uyachuje na kuyaanika kivulini penye upepo, juu ya mkeka safi au wavu ulioinuliwa kutoka chini. Jua kali huyachoma rangi na kuyapotezea vitamini. Kivuli chenye hewa huyakausha kwa siku mbili hadi nne. Yakiwa makavu ya kuvunjika, yatie kwenye mtungi au kopo lenye kifuniko kinachobana. Januari, loweka kiganja kwa nusu saa na upike na njugu iliyosagwa. Mrenda pia hukaushwa na kusagwa kuwa unga. Kijiko kimoja kwenye kunde zilizokaushwa hurudisha ule utelezi.

Na ukiwa na hata hatua tatu za ardhi, muulize mama wa mboga mbegu. Wengi huwa nazo nyumbani, ndani ya chupa au zimefungwa kwenye kitambaa, na atakuletea siku nyingine ya soko kwa bei ndogo. Uliza zilivunwa lini. Mbegu mpya za saka huota kwa shida, zinahitaji kupumzika miezi kadhaa, hivyo zinazokufaa Machi ni zile zilizovunwa mwaka uliopita. Za mrenda zina ganda gumu: zifunge kwenye kitambaa, uzichovye kwenye maji yaliyotoka kuchemka kwa sekunde kumi tu, uzipoze kwenye maji baridi, uzikaushe kivulini, uzichanganye na mchanga ili zisimwagike kwa fundo, kisha uzipande kwa mistari yenye kina cha ukucha mara mvua ya pili inapogusa udongo. Majuma manne hadi sita baadaye utaanza kuchuma ncha. Acha miche minne au mitano bora kabisa bila kuigusa, itoe maua na kukauka, uvune mbegu zake kabla vitumba havijapasuka.